Kofia ya Damaris Haitavaa Nailoni

Jumatatu, 6 Januari

Mtu akikuambia kwamba Kanivali ya mtaa wetu huandaliwa na kamati, mwache aendelee kuota. Kanivali hii inasimama juu ya mabega yangu mimi, Saturnino Chuquimia, fundi wa mabati, ambaye nusu ya mapaa ya El Alto nimeyapigilia misumari kwa mkono huu huu ulioshika kalamu. Rubani mmoja aliniambia kwamba akija kutua huwa anatafuta kwanza mapaa yangu yanavyong'aa, halafu ndipo anatafuta uwanja. Nilisoma hadi darasa la tano, na hilo la tano nililimaliza kwa sababu nyumba ya mwalimu ilikuwa inavuja. Kwa hiyo atakayeona kosa la maandishi humu na anyamaze.

Nimeanza kuandika leo kwa sababu leo kikundi chetu cha ngoma ya morenada kimenipa heshima ninayostahili. Kwetu kila kitu cha sherehe lazima kiwe na baba yake wa kukitoa: kuna baba wa keki, baba wa bendi, baba wa bia. Mimi ni baba wa kofia. Mpwa wangu Damaris, binti wa dada yangu Primitiva, miaka kumi na mmoja, ataongoza safu ya watoto siku ya Kanivali, na kiongozi wa safu havai kofia ya kubahatisha. Anavaa Valmarini halisi ya kutoka Italia, ile nyeusi ya duara, ya manyoya ya sungura, yenye mhuri wa dhahabu ndani. Ndiyo kanuni ya kikundi. Asiyekuwa nayo anarudi nyuma, na nyuma ni nyuma, huko unakochezea matope ya wenzako.

Bi Eufronia Laruta, mama mkuu wa safu za wanawake, aliuliza mbele ya wote kama ninajua kofia hiyo inapatikana wapi. Nikamwambia ninayo tayari nyumbani, tena mbili, moja ya mtoto na moja yangu ya kiume, kutoka boksi moja, muuzaji mmoja, siku moja. Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko ile nyama ya nguruwe tuliyopakuliwa.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 12 Januari

Mazoezi ya kwanza. Nilimvisha Damaris kofia mbele ya kikundi chote, nikatoa hotuba. Nilieleza jinsi Valmarini mwenyewe, yule mzee wa Italia, alivyoshika mimba ya kofia hii alipoota ndoto ya mlima wetu. Watu walisikiliza. Damaris alisimama wima kama mshumaa, nywele zake za misuko miwili mgongoni, kofia imekaa pembeni kidogo kama inavyotakiwa, na nikasema moyoni, hapa nimefanya kazi.

Kisha Bi Eufronia akaja, akainua kofia kichwani mwa mtoto kwa vidole viwili, akaipima mkononi kama mtu anayenunua jibini, akairudisha.

"Nyepesi," alisema.

Neno moja tu, na akaenda zake kuwapanga wanawake. Angesema "nyepesi vizuri" ningejua. Angesema "nyepesi vibaya" ningempasulia ukweli pale pale. Lakini "nyepesi" peke yake unaijibu vipi? Nimerudi nyumbani nimekasirika hadi supu nimempa paka. Kofia halisi ni nyepesi. Au ni nzito. Nimemuuliza jirani wa kulia akasema nzito, wa kushoto akasema inategemea sungura.

Kila mtu hapa anajua kipimo chenyewe. Manyoya ya sungura hayanywi maji. Tone linateleza juu yake linaanguka. Ile ya bandia ni sufu ya kondoo iliyokazwa kwa gundi, na ikinyeshewa inalewa, ukingo unaanguka masikioni, rangi inamchuruzika aliyevaa mpaka kidevuni. Tone moja la maji lingetosha. Lakini baba wa kofia hamwagii maji kofia aliyoitoa. Ni sawa na kumpeleka mwanao akapimwe damu mbele ya mkeo. Akionekana amefanya hivyo mara moja, imekwisha, hata kama maji yameteleza.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda gulioni kumtafuta muuzaji. Alipokuwa amekaa yeye na maboksi yake ya Italia sasa amekaa mwanamke anauza watoto wa mbwa. Nikamuuliza yule bwana wa kofia yuko wapi. Akaniambia yule Desemba alikuwa wa kofia, Novemba alikuwa wa betri, sasa hivi atakuwa wa madaftari maana shule zinafunguliwa. Nikamwambia yule ni mwagizaji wa kimataifa. Akasema inawezekana, ila ameondoka na kiti chake.

Nimekasirika, lakini si kwa sababu ya wasiwasi. Nimekasirika kwa sababu ya utovu wa adabu. Bila shaka amekwenda Italia kuleta nyingine.

Jumamosi, 18 Januari

Mvua ya mawe. Niliitwa sehemu tatu kuziba mapaa. Nimesema nina kifua.

Ijumaa, 24 Januari

Leo ni Alasita, siku ya vitu vidogo, na leo nimeaibishwa kuliko siku nyingine yoyote tangu nizaliwe, na aliyenifanyia hivyo ni mtu wa dini.

Kila mtu alikuwa amekwenda mjini kununua kidogo cha kile asichonacho. Asiye na nyumba ananunua kijumba, asiye na gari ananunua kigari, asiye na mume ananunua jogoo wa udongo. Saa sita kamili unakipeleka kwenye moshi wa ubani, kinabarikiwa, na mwaka unakuletea kikubwa chake. Mimi kwa kawaida sinunui kitu, kwa sababu ninavyo vyote. Lakini nikapita kwenye meza moja, nikaona kijikofia cheusi cha duara, cha kukaa juu ya ncha ya kidole, na ndani yake mhuri wa dhahabu mdogo kama yai la chawa. Valmarini. Nikasema, hakina madhara. Kama kofia ya Damaris ni ya kweli, baraka itaiongezea ukweli. Kama muuzaji aliteleza kidogo, basi mambo yatarekebishwa kimyakimya, bila kumsumbua mtu.

Nikakifumba mkononi, nikajipenyeza kwa mzee mmoja wa ubani aliyekuwa pembeni kabisa, nyuma ya wauza keki, mahali ambapo hakuna mtu wa mtaa wetu angefika. Sikujua kwamba yule mzee ni kiziwi nusu, na kiziwi hupaza sauti. Kengele za saa sita zikalia. Akakichukua kijikofia, akakizungusha kwenye moshi, akakinyunyizia pombe, akaniuliza jina, na akatangaza kama anayeuza magazeti:

"Kofia halisi ije! Ya Italia! Asiyekuwa nayo aipate mwaka huu! Ije kwa Saturnino Chuquimia!"

Moshi ukapungua. Upande wa pili wa chetezo amesimama Bi Eufronia, ameshika kijumba chake cha ghorofa mbili, anasubiri zamu.

"Fundi Satuco," alisema, maana ndivyo mtaa unavyonifupisha, "unaombea kofia?"

"Ya tatu," nikamwambia.

Hakucheka. Heri angecheka. Alitazama kijikofia, akatazama ubani, akasema, "Ya tatu, sawa," kwa ile sauti ambayo mtu anamwambia mgonjwa kwamba amenenepa.

Jumapili, 26 Januari

Primitiva anauza api, ule uji wa mahindi meusi, ya moto alfajiri pale kona ya kituo cha magari ya waya yanayoning'inia angani, na kila neno la mtaa hupita kwenye kikombe chake kabla ya kufika kwingine. Leo amekuja kwangu bila kubisha hodi. Amesema wateja wote wanazungumza jambo moja tu: kama Satuco anayo kofia halisi, Alasita alikwenda kuombea nini? Hakuna anayeomba alichonacho.

Nikamwambia watu wa kona ile hawana akili, ndiyo maana wanakunywa api ya maji.

"Kaka," akasema, "mimi sikuulizi. Wewe ni kaka yangu mkubwa na sitakuuliza. Lakini yule mtoto amefanya mazoezi tangu Oktoba. Baba yake kule São Paulo ameomba kamera ya simu iwashwe siku hiyo amwone. Ukijua kitu, sema sasa, nimwambie mwenyewe arudi nyuma kabla hawajamrudisha."

Baba yake Damaris yuko huko miaka mitatu anashona nguo kwenye karakana. Primitiva anasema alimpigia kumuuliza utajuaje nguo ya kweli, akajibu kwamba yeye anashona zote mbili siku moja kwenye cherehani moja, na tofauti anayoijua ni boksi linalokuja kuzichukua. Jibu gani hilo la mtu mzima. Nilimwambia dada yangu kwamba kofia ni halisi na atakayeuliza tena anajitafutia adui.

Jumatatu, 3 Februari

Shule zimefunguliwa. Mvua.

Jumatano, 5 Februari

Damaris amerudi shuleni amenyamaza. Wanamwita "kofia ya kuombewa". Aliyeanzisha ni Leidi, mjukuu wa Bi Eufronia, ambaye ndiye atakayepewa nafasi ya mbele kama yetu itaonekana bandia. Nilijua. Sasa mchezo wote nimeuona kuanzia mwanzo. Yule bibi alisema "nyepesi" kwa hesabu, akaja Alasita kwa hesabu, na hicho kijumba cha ghorofa mbili kilikuwa cha kuficha macho. Nitaandika hapa ili ibaki: mtu anayempiga vita mtoto ili mjukuu wake acheze mbele, hata akivaa Valmarini kumi, kichwa chake hakina kitu cha kufunika.

Jumapili, 9 Februari

Mazoezi. Mvua ilianza katikati, na ikawa kama inavyokuwa siku zote: wanawake wote, wakubwa kwa wadogo, wakachomoa mifuko ya nailoni kwenye shali zao na kuzivika kofia, kwaru kwaru kwaru, mtaa mzima kama sokoni. Damaris hakuwa na mfuko. Aliificha kofia chini ya shali akakimbilia ukutani. Nikawaona wanaangaliana. Kumbe kujificha ukutani nako ni ushahidi, na kujifunika nako ni ushahidi, kama wameshaamua.

Alhamisi, 20 Februari

Hii ninaandika asubuhi ya Ijumaa, kwa sababu jana ilikuwa Alhamisi ya Makompadre na mkono haukushika kalamu.

Tulikuwa kwa kompadre wangu Gumercindo, mpiga tuba, ile tarumbeta kubwa ya bendi yetu, ambaye nilimsimamia mtoto wake wa kwanza ubatizoni. Bia, nyama, nyuzi za karatasi shingoni. Nilikuwa nawaeleza jinsi nilivyowahi kuezeka kanisa zima peke yangu kati ya misa mbili, padri akatoka hajui amebadilishiwa paa. Mmoja wao, nafikiri ni mume wa muuza vifaa vya umeme, akainua glasi akasema tunywe kwa ajili ya kofia ya tatu. Meza nzima ikacheka. Gumercindo pia alicheka, kompadre wangu, huku ameficha mdomo kwenye mdomo wa tuba.

Basi nikasimama juu ya kiti. Niliapa, mbele ya bendi na kamati, kwamba siku ya Kanivali Damaris atatangulia bila nailoni. Mvua inyeshe, mawe yaanguke, mto uhame njia, kofia ya Damaris haitavaa nailoni, na wao wataona maji yanavyoteleza, na baada ya hapo kila mmoja wao atakuja kuniomba radhi mlangoni kwangu akiwa amevua ya kwake.

Walipiga makofi. Lilikuwa jambo kubwa. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 22 Februari

Bi Eufronia ameniita nikamzibie paa la jikoni. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alimtuma Leidi, na mtoto yule akasema ujumbe kama alivyofundishwa: bibi anasema paa ni lako, ulilipiga wewe, njoo ulione linavyofanya. Hiyo siwezi kuivumilia. Nikachukua nyundo.

Msumari mmoja ulikuwa hauna kile kipira chake cha chini. Mimi sijawahi kupiga msumari bila kipira. Lazima ndege waliking'oa. Nikauziba, nikashuka, na yule mama akanikalisha akanipa supu ya viazi vikavu kama vile hakuna vita. Ukutani, juu ya jiko, ilitundikwa kofia yake. Ilikuwa ndani ya nailoni hata humo ndani ya nyumba.

Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulibeba jambo hili moyoni, kwamba nimeshaujua mpango wake na Leidi.

"Leidi hataki kwenda mbele," alisema. "Analia nikimtajia. Anapenda kucheza katikati, asionekane anapokosea. Maneno ya shuleni nimemchapa kwayo."

"Wewe ndiye uliyesema kofia ni nyepesi."

"Nilisema nyepesi. Na yangu ni nyepesi. Ningesemaje? Wewe ndiye uliyekwenda kuipigia ubani."

Nikanywa supu. Nikamuuliza kama ile ya ukutani ni halisi. Akasema aliachiwa na mama yake, naye aliambiwa kwamba ni ya Italia, na tangu hapo haijaguswa na tone.

"Sasa unajuaje?"

"Sijui," alisema. "Ninaifunika." Akaniongezea kiazi. "Sikiliza, Fundi. Mwanamke gani mwenye akili anailowesha Valmarini? Nailoni haijawahi kumwaibisha mtu hapa mpaka ulipopanda juu ya kile kiti. Kesho kwenye mazoezi sema mbele ya watu kwamba ulikuwa umelewa na mtoto atajifunika kama wenzake. Mimi nitasema sawa. Hakuna atakayeuliza tena."

Alitaka nishuke kwenye kiti. Mimi, Saturnino Chuquimia. Nilimwambia kwamba sikuwa nimelewa.

Nimerudi nimekasirika zaidi ya nilivyokwenda, na kibaya zaidi sijui nimkasirikie nani. Supu ilikuwa nzuri.

Jumapili, 23 Februari

Mazoezi. Bi Eufronia alinitazama mara tatu. Sikusema kitu.

Alhamisi, 27 Februari

Alhamisi ya Makomadre. Mtaa ni wa wanawake, na mwanaume mwenye busara anabaki ndani. Nilitoka kwa sababu sigara ziliisha. Walinizunguka wakanimwagia vipande vya karatasi na kunichezesha, wakaniimbia kwamba fundi ana kofia tatu, moja ya moshi, moja ya maneno na moja ya kesho. Primitiva alikuwa miongoni mwao. Hakuimba, lakini alikuwa anapiga makofi.

Jumamosi, 1 Machi

Damaris alikuja peke yake, ameleta api kutoka kwa mama yake. Akakaa kwenye ngazi yangu ya kazi, miguu inaning'inia, akaangalia kofia yangu iliyo juu ya kabati.

"Mjomba, mimi sina neno," alisema. "Ila niambie nijue la kufanya. Ikiwa ni ya kweli, mvua ikija nitainua kichwa. Ikiwa ya bandia, nitatoka mapema kabla rangi haijanishuka usoni, na Leidi ashike mbele. Baba ataniona kwenye simu. Sitaki anione na uso mweusi."

Alisema hivyo kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi. Siku zote nilikuwa namwona mtoto huyu kama kitu cha kuvishwa. Leo niliona kwamba ameshapanga njia mbili zote, amejitayarisha kwa zote mbili, na anachohitaji kutoka kwangu ni neno moja. Watu wazima wa mtaa mzima wamezunguka tangu Januari, na yeye peke yake ndiye aliyekuja kuniuliza.

"Ya kweli," nikamwambia.

"Basi sawa."

Hakuuliza mara ya pili. Afadhali angeuliza. Nimekunywa api imepoa, nimegombana na paka, nimevunja kipini cha nyundo.

Jumapili, 2 Machi

Jua kali siku nzima. Hakuna wingu hata la dawa. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Kama ningempata aliyeigawa mvua ya leo ningemshtaki. Tumepata jua Jumapili, siku ambayo hakuna aliyelihitaji, na leo tangu saa nne wingu limekaa upande wa mlima Huayna Potosí, jeusi, limevimba, linangoja tu watoto wavae.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na hilo hakuna wa kunipokonya. Damaris alitokea mbele ya safu na marinda yake ya kijani, anazungusha ile kayamba yake ya mbao inayokwaruza, na bendi ya Gumercindo nyuma inapiga mpaka madirisha yanatetemeka. Nilitembea sambamba naye kando ya barabara, nimevaa kofia yangu. Primitiva alikuwa mbele anarudi kinyumenyume ameinua simu, na ndani ya simu shemeji yangu, mdogo kama stempu, anapunga mkono kutoka karakanani. Watu waliniita: Fundi, Fundi. Niliwapungia.

Kwenye kona ya kanisa tone la kwanza likanipiga puani.

Halafu yote kwa pamoja. Kwaru kwaru kwaru. Mama zao wakaingia mbio kwenye safu na mifuko, watoto wakafunikwa mmoja baada ya mwingine, nailoni nyeupe, za bluu, moja ina jina la duka la dawa. Safu nzima nailoni, na mbele yake kofia moja nyeusi tupu. Kamati walikuwa wamesimama chini ya paa la duka wamenyoosha shingo. Walikuja kwa ajili ya hilo. Mume wa muuza vifaa vya umeme alikuwa na glasi mkononi. Primitiva akamkimbilia mtoto na mfuko. Damaris akatikisa kichwa, akazidi kucheza, kidevu juu, kama alivyoniahidi. Kisha akageuza uso kunitafuta.

Niliinua mkono. Songa mbele, mwanangu, nilimwambia kwa mkono, songa.

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, juu kidogo ya macho yangu, kama nimebeba ndege kichwani. Kisha akaacha safu. Kiongozi kuacha safu bendi ikiwa inapiga ni kitu ambacho sijawahi kukiona. Akaja moja kwa moja hadi kwangu, akavua kofia kwa mikono miwili, akanikabidhi, akasema kwa sauti ambayo kamati nzima iliisikia:

"Mjomba, nishikie. Hii ni ya kweli, mimi siwezi kuiharibu kwa mvua."

Akarudi mbele kichwa wazi. Misuko miwili, paji la uso linang'aa maji. Nilidhani bendi itanyamaza. Kiongozi wa morenada asiye na kofia ni sawa na harusi isiyo na bibi harusi, na kanuni iko wazi. Kamati wakamgeukia Bi Eufronia. Naye alikuwa ananitazama mimi, pale pale alipotazama mtoto. Midomo ikamcheza kidogo.

"Wacha acheze," alisema.

Leidi alikuwa wa kwanza kuvua ya kwake. Akakimbia akaniletea, pamoja na nailoni yake. Kisha wa pili, kisha wote, na ndani ya muda mfupi nilikuwa nimesimama chini ya paa nimebeba mnara wa kofia mpaka kidevuni, kama msumari wa kutundikia, na safu ya watoto wa mtaa wetu inapita vichwa wazi kwenye mvua wanacheka, na Damaris mbele yao. Baba yake alimwona uso wake wote. Primitiva anasema alilia mpaka msimamizi wake akaja kuuliza.

Baadaye watu walinipongeza. Walisema ni mimi niliyemfundisha kuheshimu kitu cha thamani. Gumercindo alinikumbatia akasema, kompadre, leo nimeamini. Yule mwenye glasi aliniomba radhi, mlangoni kwangu, kama nilivyoapa. Nilimfungia mlango. Sijawahi kukasirika kiasi hiki siku ambayo kila mtu ananisifu.

Jumanne, 4 Machi

Watu wanabariki nyumba zao kwa kuzimwagia pombe na kuzifunga nyuzi za karatasi. Nimefanya yangu haraka. Sina la kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padri alinipaka mengi.

Nimemrudishia Damaris kofia yake, kavu. Akaiweka kwenye boksi akaniambia asante, Mjomba, kwa heshima zote, akanikaribisha api. Heri angenitukana, angalau mara moja, nimjibu. Mtaa umekubaliana kwamba kofia ni halisi, na kwa kuwa hakuna tena anayeuliza, nafikiri ni halisi. Yangu ya boksi moja nayo iko juu ya kabati. Kama hiyo nayo ni halisi, sijui. Tangu Januari mpaka juzi, kila mvua iliponyesha, ama mimi nilikuwa ndani na kifua, ama yenyewe ilikuwa hapo juu ya kabati.

Nimeandika kurasa nyingi kuhusu siku ya Jumatatu na zote ni kweli isipokuwa nimeruka kitu kidogo. Niliposema niliinua mkono kumwambia mtoto asonge mbele, niliinua mmoja. Wa pili ulikuwa na kazi. Ulikuwa unakaza fundo la nailoni chini ya kidevu changu, maana tone lile la kwanza liliponipiga puani, kabla sijamkumbuka Damaris, kabla sijakumbuka kiapo, nilikuwa nimeshachomoa mfuko mfukoni na kuifunika ya kwangu. Ulikuwa mfuko wa mkate. Makombo yalikuwa bado ndani.